"Mlimgusa moyo?" Kisa cha fundi cherehani aliyeondolewa pafu la kushoto

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mke wa mgonjwa alinisubiri nje ya mlango wa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, chupa ya uji mkononi. Hakusalimia kwa kirefu kama siku mbili zilizotangulia.

"Sista, niambie ukweli. Mlisema mnatoa pafu. Sasa mbona moyo ndio unaokwenda mbio? Mlimgusa moyo?"

Nikamjibu upesi, jibu la kikazi: hapana mama, moyo haukuguswa. Jibu lile lilikuwa la kweli nusu, na nusu iliyobaki imenisumbua tangu siku hiyo. Huu ni mwaka wangu wa 12 kama muuguzi wa ICU hapa Dar es Salaam, na maswali ya namna hii hatuyajibu vizuri kwa sababu jibu lake ni refu na mlangoni watu wamesimama. Naliandika hapa. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha, hospitali siitaji, na makosa nitakayoyasimulia yalikuwa yetu wote wa zamu, mimi nikiwemo.

Tumwite Mzee Cherehani. Miaka 58, kilo 52, fundi nguo wa Tandika, mashine yake ile ya kukanyaga kwa miguu. Aliugua kifua kikuu mara mbili na mara zote mbili alimaliza dozi. TB ilipona, pafu halikupona. La kushoto lilibaki limesinyaa na kutoboka mashimo, na katika shimo kubwa la juu kulikuwa kumeota mpira wa kuvu, aspajiloma. Kuvu hawa tunavuta mbegu zao hewani kila siku bila madhara, lakini wakikuta shimo lililoachwa na TB wanafanya makazi.

Shida ya aspajiloma ni damu. Mwanzo yalikuwa makohozi yenye michirizi, baadaye kikombe cha kahawa, na mara ya mwisho ilimkuta ndani ya daladala akitoka Kariakoo na mzigo wa vitambaa. Alijizibia mdomo kwa kitambaa cha suti ya mteja. (Mteja, naambiwa, alikuja kumwona wodini na hakukitaja kitambaa hata mara moja.) Makohozi yalipimwa mara mbili, vimelea vya TB havikuonekana. Dawa za kuvu huingia kwa shida sana ndani ya mpira ule. Kuziba mshipa unaovuja kwa njia ya katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa, kulijadiliwa, ila kwa mwenye aspajiloma damu hurudi mara nyingi. CT scan ikaonyesha kwamba hata sehemu ya chini ya pafu hilo haikuwa na faida tena. Uamuzi ukawa kuliondoa pafu zima la kushoto.

Kabla ya hapo moyo wake ulipimwa, na hapa ndipo ndugu wengi hushangaa: mtu anakwenda kupasuliwa pafu, anaanziaje kwenye kipimo cha moyo? Kwa sababu damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo haina njia nyingine isipokuwa mapafuni. Kwa mtu mzima aliyetulia ni kama lita tano kila dakika, na zote hupita humo. Upande wa kushoto wa moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima kwa ile presha tunayoizoea, 120 kwa 80. Upande wa kulia unasukuma kiasi kilekile cha damu kwa presha ndogo sana. Wastani wake katika mshipa mkuu wa mapafu ni kama 14, na ukivuka 20 ukiwa umetulia, hiyo tayari ni presha ya juu ya mapafu. Ndiyo maana ukuta wa chemba ya chini ya kulia una unene wa milimita tatu hivi, wakati wa kushoto unafika kumi. Chemba hii haina misuli ya kupambana. Kazi yake inawezekana kwa sababu mbele yake njia ni pana.

Sasa fikiria unaifunga nusu ya njia hiyo siku moja, saa nne asubuhi, mezani.

Watu wa Tandika wanaijua Barabara ya Kilwa. Funga upande mmoja saa nane usiku, magari yatapita na wenye nyumba hawatasikia hata honi. Funga upande uleule saa kumi na mbili asubuhi, utaona foleni. Pafu moja zima linafanya hivyohivyo. Lina mishipa midogo mingi ambayo mtu akitulia huwa imelala, na damu ikizidi mishipa hiyo huamka na kutanuka. Kwa hiyo mtu mwenye pafu moja akikaa kwenye kiti, presha ya mapafu yake inaweza isipande sana. Akipanda ngazi, au akipata homa, au oksijeni ikishuka, foleni inaanza na chemba ya kulia inavimba.

Kwa Mzee Cherehani kulikuwa na jambo la faraja ambalo daktari bingwa alilisisitiza. Upande uliokuwa ukifungwa ulikuwa umejaa malori mabovu siku nyingi. Pafu lililoharibika hivyo hupokea damu kidogo tu kutoka moyoni, na katika CT mshipa wa kushoto ulionekana mwembamba kama mkia wa panya ukilinganishwa na wa kulia. Maana yake moyo wake ulikwisha kuzoea kuishi kwa pafu moja, miaka kadhaa kabla ya sisi kumpa tarehe. Kumwondolea mtu pafu lenye afya kwa ajili ya saratani ni hesabu tofauti kabisa na hii.

Vipimo vikasema hivi. Hewa aliyoweza kupuliza katika sekunde ya kwanza: lita 1.6. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: upande wa kushoto mzuri, wa kulia unafanya kazi lakini presha ya mapafu, ile ya moyo unapobana na si wastani, ilikadiriwa 38, imepanda kidogo. Ngazi: alipanda ghorofa tatu, akasimama kwenye kona akishika ukuta na kusingizia kwamba anatazama baharini. Miongozo inayotumika sana inamtaka mtu apande mita 22 kwenda juu ndipo ahesabiwe kuwa hatari yake ni ndogo, na hizo ni karibu ghorofa saba. Hakufika hata nusu. Kwa mgonjwa asiyetokwa na damu pengine wangesita. Kwake waliona kwamba damu ya daladala ikirudi usiku nyumbani, hakuna atakayefika naye hospitali.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema juu yake. Ulichukua saa tano kwa sababu pafu lilikuwa limegandamana na ukuta wa kifua, akapoteza damu kiasi, akaletwa kwetu jioni akiwa amekwisha kutolewa mrija wa kupumulia, ana mrija mwembamba mgongoni wa dawa ya maumivu na mwingine kifuani. Mrija wa kifuani kwa aliyeondolewa pafu zima una masharti yake, na kila muuguzi mgeni namshika mkono kumwonyesha: unabaki umefungwa, unafunguliwa kwa muda mfupi tu kutazama, na hauunganishwi kamwe na mashine ya kuvuta. Upande ule ni uwazi mtupu. Ukiuvuta kwa nguvu, moyo na mishipa yake mikubwa vinasogezwa kwenda huko, mishipa inayorudisha damu inakunjika, na presha inaanguka mbele ya macho yako. Hilo halikutokea. Lililotokea ni la kawaida zaidi.

Saa saba usiku presha yake ilikuwa 88 kwa 54. Mzee mwenyewe alikuwa ametulia, anazungumza, miguu ya moto. Miguu ya moto ilikuwa dalili, na sikuisoma. Dawa ya maumivu inayopita mgongoni hulegeza mishipa ya sehemu kubwa ya mwili, chombo kinakuwa kikubwa kuliko maji yaliyomo na presha inashuka bila mtu kuishiwa maji. Dawa yake ni kupunguza kasi ya ile ya mgongoni, au kumpa kidogo ya kukaza mishipa. Sisi tulimpa dripu. Daktari wa zamu aliandika nusu lita, saa mbili baadaye nusu lita nyingine, na alfajiri ya tatu nikaitundika mimi mwenyewe.

Nitasema kitu kuhusu dripu ambacho wenzangu wanakijua. Kwetu dripu ni heshima. Mgonjwa asiye na chupa inayoning'inia huonekana ametelekezwa. Jioni ile mtoto wake wa kiume alikwisha kuniuliza mara mbili, "Sista, mbona baba hamumwekei maji, amekauka midomo?" Siwalaumu. Ila chupa ile ya tatu, nikijihoji kwa haki, sehemu yake niliitundika ili asubuhi wakija waione.

Kwa aliyeondolewa pafu zima, maji ni silaha ya kushikwa kwa tahadhari. Wengi hujiwekea mpaka wa mililita 20 kwa kila kilo katika saa 24 za mwanzo, yaani yanayobaki mwilini yasizidi hapo. Kwa kilo 52 ni lita moja na vijiko vichache. Yeye alikuwa na yale ya chumba cha upasuaji, kisha lita moja na nusu zetu. Pafu lililobaki linapokea damu yote, mishipa yake imetanuka, kuta zake zimechokozwa na upasuaji, na njia zake za kunyonya maji yaliyovuja ni nusu ya zile alizozaliwa nazo. Maji yakizidi yanavujia ndani ya vifuko vya hewa.

Mchana wa siku ya pili oksijeni ilishuka mpaka asilimia 88. Ukiweka kifaa mgongoni upande wa kulia unasikia kama chumvi ikirushwa kwenye kikaango. Na hapo moyo ukaingia rasmi katika kisa hiki, kwa sababu ya tabia moja ya mapafu isiyofanana na ya kiungo kingine. Kwingineko mwilini oksijeni ikipungua, mishipa hutanuka. Mapafuni hukaza. Kwa mwenye mapafu mawili, hekima yake ni kwamba damu inakwepa sehemu mbovu na kwenda penye hewa nzuri. Kwa mwenye pafu moja lililolowa hakuna pa kukwepea. Njia inazidi kuwa nyembamba mbele ya ile chemba ya milimita tatu.

Akapewa Lasix. Akakojoa vizuri sana, tukafurahi, tukaandika kwenye chati kwa kalamu ya bluu kana kwamba tumeshinda. Lasix hutoa maji pamoja na potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji ili udunde kwa mpangilio. Kipimo cha potasiamu cha jioni ile kilichelewa kurudi, na kiliporudi saa tisa usiku kilisema 3.1, wakati moyo wa mgonjwa kama huyu tunautaka juu ya 4. Kabla hatujamaliza kuchanganya dawa ya kuongeza, mashine ikalia. Mapigo 152, hayana mpangilio. Ule mstari wa ECG, mchoro wa umeme wa moyo, unaotangulia kila pigo, kale kamlima kadogo, ulikuwa umetoweka.

Hiyo ni fibrilesheni ya atria, sisi tunasema AF. Chemba za juu za moyo zinaacha kubana na kubaki zinatetemeka, na za chini zinapokea amri za fujo. Baada ya kuondolewa sehemu ya pafu huwapata mmoja au wawili katika kila kumi. Baada ya pafu zima inaweza kufika watatu au wanne. Huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na umri ndio unaoikaribisha kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo Mzee Cherehani angeweza kuipata hata kama usiku ule tungefanya kila kitu sawasawa. Nalisema hili kwa haki, si kwa kujitetea. Lakini nikiupanga mnyororo wenyewe, dripu ililowesha pafu, pafu likakaza njia, upande wa kulia ukavimba na chemba za juu zikatanuliwa, Lasix ikaondoa potasiamu, na usiku huohuo alikuwa na maumivu kwa sababu dawa ya mgongoni ilipunguzwa ghafla. Sijui mwenzangu gani angetaka kuhesabu hapo kiungo cha bahati mbaya.

Madhara yake hayako kwenye mbio pekee. Chemba za juu zikibana vizuri huchangia kati ya asilimia 20 na 30 ya damu inayojaza zile za chini. Ukiondoa mchango huo kwa mtu ambaye upande wake wa kulia tayari umevimba, na uvimbe huo unausukuma ukuta wa katikati kuelekea kushoto, upande wa kushoto nao unapata nafasi ndogo ya kujaa. Presha ikashuka tena, 94. Na safari hii mtu mmoja, simtaji, alinyoosha mkono kuchukua chupa ya dripu. Bingwa wa usingizi aliyekuwa ameitwa alimshika kiwiko.

Tukarudi kwenye mambo ya msingi: oksijeni, maumivu, potasiamu, magnesiamu, dozi ndogo ya kukaza mishipa, kisha metoprololi, dawa ya kupunguza mbio za moyo, kidogokidogo presha ilipotulia. Amiodaroni ilijadiliwa. Ni dawa nzuri ya AF, lakini ina sifa ya kuliudhi pafu, na huyu alibaki na moja, tena limelowa. Wakaiweka pembeni kama akiba. Moyo ulirudi kwenye mdundo wake baada ya saa 31, saa nne asubuhi, bila tangazo lolote. Nilitazama skrini nikaona kale kamlima kamerudi mbele ya kila pigo. Ilikuwa kabla ya saa 48, muda ambao hofu ya damu kuganda moyoni na kurukia kwenye ubongo ingewalazimisha kuamua juu ya dozi kamili ya dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa na kidonda kikubwa kifuani.

Turudi kwa mama na chupa ya uji.

Moyo haukukatwa. Hata kile kifuko kinachouzunguka hakikufunguliwa. Lakini pafu linashikana na moyo kwa mishipa, na kulitoa maana yake ni kuifunga mishipa hiyo. Inayorudisha damu kutoka pafu la kushoto inamwaga moja kwa moja kwenye chemba ya juu ya kushoto, na inafungwa pale pale mlangoni. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha AF hutoka ndani ya mishipa hiyohiyo, mahali nyama ya moyo inapochungulia na kuingia kwenye mshipa. Sisi tunafunga, tunakata na kushona juu ya sehemu yenye uchokozi kuliko zote, kisha tunatoka nje kuwaambia ndugu kwamba moyo haukuguswa. Swali la mama lilikuwa sahihi kianatomia kuliko jibu langu.

Siku ya tano nilimwita pembeni nikamweleza, kwa Barabara ya Kilwa na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo ule moyo haujaharibika, umehamishiwa nyumba ndogo." Nikamwambia mama, hiyo nitaiazima kwako. Kisha nikamweleza la dripu. Hapo alinyamaza muda mrefu, akauliza kama mwanawe anajua kwamba ndiye aliyekuwa akidai maji. Nikasema hahitaji kujua, mwenye kuamua ni sisi.

Eko ya siku ya sita ilionyesha chemba ya kulia bado imetanuka na presha ya mapafu 49. Mwendo wa kubana wa chemba hiyo, ambao kwa kawaida unatakiwa ufike milimita 17, ulikuwa 13. Mzee mwenyewe siku hiyo alikuwa ameketi kitini anakula ndizi na kuuliza nani ameshona sare zetu, kwa sababu mabega yamekaa vibaya. Hili la namba mbaya kwa mtu mwenye hali nzuri lilinifundisha kutoitazama eko peke yake. Moyo ulikuwa unazoea.

Aliogopa jambo moja tu, kuishi na pafu moja. Nikamsimulia habari ya Evarts Graham, daktari wa St. Louis, Marekani, ambaye tarehe 5 Aprili 1933 alimwondolea daktari mwenzake pafu zima la kushoto, kama lake. Mgonjwa yule aliendelea na kazi na akaishi kumzidi aliyempasua. Graham, mvutaji wa sigara, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mzee aliuliza kama yule mgonjwa alikuwa akifanya kazi ya kukaa au ya kusimama. Nikasema alikuwa daktari wa kuzalisha wajawazito. "Basi ya kusimama," akasema, akaridhika.

Alitoka siku ya 12 akiwa na metoprololi na mazoezi ya kupumua. Baada ya miezi mitatu alirudi kliniki. Ule uwazi wa kushoto ulikuwa umejaa maji ya mwili, kama inavyotakiwa, na moyo ulikuwa umesogea kushoto na kurudi nyuma kidogo. Mkewe aligundua kabla ya eksirei. Usiku akilala ubavuni mwake, mapigo anayasikia kwapani, na mwanzoni alimwamsha mara mbili kuhakikisha. ECG ilikuwa na mdundo wa kawaida. Eko: presha ya mapafu 41, mwendo wa chemba ya kulia milimita 16. Haukurudi ulipokuwa, ila ulikuwa umekaribia. Damu hajakohoa tena. Metoprololi ikaanza kupunguzwa.

Alichotaka kujua ni kuhusu cherehani. Kukanyaga pedali mfululizo ndiyo saa kumi na mbili asubuhi ya moyo wake. Akishona mshono mrefu wa suruali anaishiwa pumzi katikati, lazima asimame. Daktari alimwambia asimame kweli, asijilazimishe, na aongeze kidogokidogo. Mwanawe wa kiume amekwisha kuulizia bei ya mota Kariakoo. Mzee anasema mota inakimbia kuliko mkono wake, kwa sasa atashona blauzi.

Siku ile mtoto huyo alinisogelea kaunta, akanisalimia, akasema kwa sauti ya chini, "Sista, mama aliniambia la dripu." Nilimtazama mama. Alikuwa anatafuta kitu ndani ya kikapu.